Boke na Asili ya Neno Koili

Kila asubuhi Boke aliwatoa ndama zizini, akamsaidia bibi yake kukamua, akanawa miguu na kushika njia ya shule. Njiani alibishana na kila aliyekutana naye. Akiambiwa leo mvua itanyesha, alikataa katakata; ikinyesha, alisema hiyo si mvua, ni manyunyu tu. Bibi yake, ambaye pia aliitwa Boke na ndiye aliyerithiwa jina, alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Jina limepata mwenyewe," alisema.

Muhula ule shule yao ya Mbalibali ilipata mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Method, kutoka Bukoba. Hakujua hata salamu moja ya Kikurya. Alimpa kila mwanafunzi wa Darasa la Sita neno moja la Kiingereza, akamtaka atafute maana zake zote, na asili yake, yaani lilikotoka. Atakayewashinda wenzake angeiwakilisha shule mjini Mugumu, kwenye mashindano ya shule za msingi. Hakuna msichana wa shule ile aliyewahi kupelekwa huko. Boke alipolisikia hilo aliamua moyoni kwamba atakwenda yeye, apende asiyependa.

Neno alilopewa lilikuwa "coil". Maana zake alizitafuta kwa miguu yake mwenyewe. Fundi pikipiki wa senta alimwonyesha koili ya pikipiki, kifaa chenye waya mwembamba uliozungushwa ndani yake mara nyingi. Dukani aliona dawa ya mbu, ile ya kijani inayochomwa, jinsi ilivyojizungusha. Kaka yake alimkumbusha nyoka anavyojiviringa akiota jua. Na bibi alifungua sanduku lake, akatoa bangili za ujana wake, waya wa shaba uliozungushwa kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko.

Ila asili ya neno ilimshinda. Kamusi ya shule ilikuwa ndogo, ilitoa maana peke yake. Fundi hakujua, mwenye duka hakujua. Kusimama mbele ya darasa na kusema "sijui" Boke aliona ni aibu asiyoiweza. Basi akatunga.

Siku ya kueleza alisimama kidete, akazitaja maana zote vizuri, hata bangili za bibi yake, kisha akasema, "Neno hili Wazungu walilichukua kwetu. Walipofika zamani waliwaona bibi zetu wamevaa waya mikononi, wakauliza unaitwaje, wakaambiwa koili. Ni neno la Kikurya."

Mwalimu Method aliacha kuandika. "Nani amekuambia?"

"Bibi yangu," akasema Boke, bila kupepesa macho.

Wakurya waliokuwa darasani, ambao walikuwa wengi, walijua fika kwamba hakuna neno la namna hiyo. Lakini nani angesimama na mgeni dhidi ya mtu wa kwao? Werema, kiranja wa darasa, akanyoosha mkono. "Ni kweli, mwalimu. Hata babu yangu husema hivyo." Esta akaitikia, "Kweli kabisa." Darasa zima likapiga makofi, na mwalimu, masikini, akafurahi kuliko wote. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, akatangaza kwamba Boke ndiye atakayekwenda Mugumu.

Nje, Werema alimpigia Boke saluti. "Umetuheshimisha, bwana!" Wakacheka wote. Boke naye alicheka, lakini hakukawia kuwaacha akashika njia ya nyumbani.

Jioni moja kabla ya safari alikuwa anachambua mboga uani pamoja na bibi yake alipomwona Mwalimu Method anaingia, jasho linamtoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

"Nimekuja kukushukuru," mwalimu akasema. "Hayo uliyomweleza Boke kuhusu neno koili hayamo katika kitabu chochote nilichosoma. Nimekuja pia kuomba utuazime zile bangili, akawaonyeshe watu Mugumu."

Bibi alimgeukia mjukuu wake, akasema, "Boke, hebu rudia mbele yangu hayo niliyokuambia."

Boke aliuma midomo. Badala ya kujibu, ubishi wake ukamtoka. "Kwani kuna ubaya gani? Kila kitu kizuri tunaambiwa kimetoka kwao! Kwa nini na wao wasichukue kitu kwetu, hata neno moja?"

"Sijakuuliza habari za Wazungu," bibi akasema. "Nimekuuliza mimi nilisema nini."

Ndama mmoja alilia zizini. Boke alitamani ardhi ipasuke, lakini kichwa hakukiinamisha.

"Hukusema kitu, bibi. Nilitunga."

"Haya. Ukiwa na ugomvi na Kiingereza, gombana nacho kwa kinywa chako. Kinywa changu usikitumie. Mimi nimezeeka na neno langu. Wakikaa wazee, nikisema jambo hawaulizi mara mbili. Leo umelichukua ukaliweka kwenye uongo, tena ukiwa na jina langu!" Sauti yake ilitetemeka. Boke hakuwahi kumsikia hivyo, na ilimwuma kuliko fimbo.

Mwalimu aliinuka polepole. "Kesho, Boke, utaanza wewe kuzungumza," alisema, akaaga.

Kesho yake Boke alisimama palepale aliposimama mwanzo. Kabla hajafungua kinywa Werema alimnong'oneza, "Nyamaza, wewe! Ukisema, sote tumekwisha."

"Koili si neno la Kikurya," Boke akasema kwa sauti. "Bibi yangu hakuniambia. Nilisema uongo."

Darasa likalipuka. "Msaliti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Esta akageuza uso. Werema akasema kwa hasira, "Umetuaibisha mbele ya mgeni!"

"Nimewaaibisha nilipodanganya, nanyi mkanipigia makofi!" Boke akamgeukia. "Zomeeni mpaka jioni, sifuti neno. Asili yake siijui. Lakini zile maana nimezitafuta mwenyewe, na hizo hakuna wa kuninyang'anya!"

Alibaki amesimama, mikono imekunjwa kifuani, machozi yanamlengalenga asikubali yadondoke. Kelele zikapungua, zikaisha.

Mwalimu Method akachukua dasta, akafuta yale maneno makubwa ubaoni, ambayo tangu siku ile yalikuwa hayajafutwa. "Hata mimi nimekosea," akasema. "Niliambiwa jambo tamu nikalimeza bila kuuliza. Jana niliporudi nilitafuta kwenye simu. Wenye kamusi kubwa wanasema neno hili lilitoka Kilatini, likapita Kifaransa, na huko lilikuwa na maana ya kukusanya. Mabaharia wa Kiingereza walilitumia kwa kamba, walipoikusanya na kuizungusha isije ikawanasa miguu. Na katika kamusi hizo hizo yapo maneno ambayo mbele yake wameandika: asili haijulikani. Wasomi wakubwa, na hawakuona haya kuandika hivyo."

"Na Mugumu?" Nice, aliyekaa dawati la mbele, akauliza. "Ataenda nani?"

"Nitakwenda mimi," Boke akadakia, "kama mwalimu ataniruhusu. Nisiporuhusiwa, sitalalamika."

Mwalimu alimtazama, kisha akalitazama darasa lote. "Sikilizeni," akasema. "Kumbishia mgeni ni rahisi, mkiwa wengi. Kuwabishia wenzako wote, huku unajishtaki mwenyewe, ndiyo kazi. Kuipenda asili yako ni vizuri, ila asili haipambwi kwa uongo, maana siku uongo ukijulikana watu hawataamini hata yaliyo ya kweli. Asiyejua na aseme hajui, kisha akatafute. Boke, utakwenda. Lakini leo ukitoka hapa, nenda kwanza kwa bibi yako ukamwombe radhi. Bangili ni zake, na kama atazitoa au hatazitoa, hilo ni lake pia."

Boke alikwenda. Na Jumamosi, alipopanda jukwaani Mugumu, waya wa shaba ulikuwa umemjaa mkononi mpaka karibu na kiwiko.