Televisheni ya Mbao Kutoka Bungulu

Jumamosi moja ya mwaka 2001, jua likiwa bado juu, mwalimu Virginie alirudi Butembo na televisheni kuukuu iliyofungwa kamba nyuma ya pikipiki. Aliongoza kikundi cha maigizo cha parokia, kule Bulengera. Mchezo wao ulihusu familia ya enzi za Zaire, na jukwaani ilitakiwa televisheni ya wakati ule, ya mbao, yenye milango miwili midogo. Nyingi zilikuwa zimeporwa vitani. Hii aliipata Beni, mtaa wa Bungulu, kwa mama aitwaye Marie-Jeanne.

Mume wa mama huyo, Tshibangu, alikuwa karani wa serikali kutoka Kasai. Mwaka 1998 watu wenye silaha walimchukua akiwa ameketi mbele ya televisheni hiyo, akiangalia habari. Hakuonekana tena. Miaka mitatu Marie-Jeanne alizunguka kando ya mito akimtafuta.

“Beba tu, mwalimu,” alinong'ona. “Mais mutu asiingize kichwa ndani.”

“Juu ya nini, mama?” Virginie aliuliza sababu.

Marie-Jeanne alifunga mlango.

Virginie hakulitilia maanani onyo hilo. Mchezo ulimtaka mtangazaji aonekane ndani ya televisheni, na umeme haukuwepo. Basi, katika mazoezi ya alasiri ile, Kahongya, seremala ambaye pia alikuwa mwigizaji, aling'oa kioo na nyaya zote. Akaliweka sanduku karibu na ukuta, akajibana nyuma yake. Uso wake ukatokea palipokuwa na kioo. Watu wakaangua kicheko.

Akaanza kusoma. Bei ya kahawa imepanda. Daraja jipya limefunguliwa. Kisha akanyamaza.

Ilipotoka tena, sauti haikuwa yake.

Simone, muuguzi kutoka Kasai aliyekuja kutazama mazoezi, alisimama ghafla.

“Nani alimufundisha Kahongya Tshiluba, luga ya kwetu Kasai?”

“Hapana mutu,” Virginie alijibu. “Anasema nini?”

Simone alinong'ona. “Anasema, ‘Muambie Marie-Jeanne aache kutafuta ku mito. Niko Mulekera, ku shimo, nyuma ya tanuri ya matofali. Nasikia baridi.’”

Virginie akatazama sandukuni. Midomo ya Kahongya ilikuwa imefumbwa. Sauti iliendelea.

Akaruka jukwaani, akamvuta nje. Ngozi ilikuwa baridi. Kahongya akafumbua macho, akauliza kama zamu yake imefika.

Virginie akampelekea Marie-Jeanne ujumbe, na Jumatatu ndugu zake walichimba kule Mulekera, mtaa mwingine wa Beni. Marie-Jeanne aliutambua mkanda wa mumewe. Alilia, kisha akamshika Virginie mikono yote miwili, akamshukuru. Tshibangu alizikwa kwa misa. Usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, mjane alilala.

Virginie hakulala. Asubuhi Solange, mke wa Kahongya, alimletea shati jeupe ambalo mumewe alivaa siku ya mazoezi. Mabegani palikuwa na alama mbili za viganja, za udongo mwekundu, kama za mtu aliyemwegemea kutoka nyuma. Lakini siku ile nyuma ya Kahongya palikuwa na ukuta tu.

“Nimeifua mara tatu,” Solange alisema.

“Ni yeye. Ni Tshibangu,” Virginie alinong'ona, akijipa moyo. “Donc amepumzika sasa.”

Solange alilitandaza shati mezani. “Pima mukono yako, mwalimu.”

Virginie aliweka mkono wa kushoto juu ya alama ya kwanza. Vidole vikalingana, gumba kwa gumba. Akajaribu wa kulia kwenye alama ya pili. Ukakataa. Akarudisha wa kushoto.

Vikalingana.

Viganja vyote viwili vilikuwa vya kushoto: vya watu wawili, na aliyezikwa alikuwa mmoja.