Kikohozi Kwenye Pigo la Kumi na Moja

Ujumbe uliingia saa nne asubuhi, Fundi akiwa studio anarekodi tangazo la sabuni.

"Kikohozi changu kiko wapi?"

Maneno manne, bila salamu. Alimwomba dada msoma tangazo akapumzike kidogo, akavua spika za masikioni, akampigia Nyundo simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Umesikiliza albamu," alisema.

"Mara tatu. Wimbo wa kwanza mpaka wa nane. Hakuna kikohozi hata kimoja. Nani amepiga ngoma humo?"

"Wewe."

"Fundi, nakuuliza kwa heshima. Nani amepiga ngoma humo?"

"Nakuja. Usimwambie mtu kitu, nakuja sasa hivi."

Tuelewane hapa, maana mgeni anaweza kudhani tunazungumzia mafua. Nyundo, jina ambalo hata mama yake mzazi alishalizoea, alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya deth metali, tena ile ya kiufundi, ambayo watu wakiisikia mara ya kwanza huuliza kama redio imeharibika. Haijaharibika. Ukikaa nayo unasikia magitaa mawili yakikimbizana kila moja na njia yake, besi ikiimba chini kwa chini mambo yake yenyewe, mwimbaji akinguruma, na chini ya wote hao kuna mtu mmoja ameshika hesabu kwa mikono miwili na miguu miwili. Wimbo wao mkubwa ulihesabiwa kwa kumi na tatu: tatu, tatu, mbili, tatu, mbili. Na kila ukifika kwenye la kumi na moja, mkono wa kushoto wa Nyundo ulichelewa unywele mmoja.

Fundi alikisikia siku ya kwanza kabisa aliyomrekodi, miaka minne nyuma.

"Una kikohozi kwenye la kumi na moja," alimwambia kutoka upande wa pili wa kioo.

"Ninacho tangu najifunza. Usikiguse. Ukikitoa hicho umenitoa mimi."

Akacheka. Fundi naye akacheka. Mwezi uliofuata walikuwa wapenzi, na sasa zilibaki wiki sita wafunge ndoa.

Banda la mazoezi lilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake Nyundo, kuta zimebandikwa magodoro ya zamani na trei za mayai. Nyundo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, vijiti viko sakafuni. Kaka yake mkubwa, mpiga gitaa wa bendi, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shem, mtulize mtu wako," alisema. "Albamu imekaa safi. Sijawahi kumsikia mdogo wangu akipiga safi namna hii."

"Ndio maana nauliza," Nyundo akasema. "Kaka, tupishe kidogo."

Kaka aliwaangalia, akaona hali si hali, akatoka.

"Umeyasogeza," Nyundo alisema.

"Ndiyo."

"Mapigo mangapi?"

"Ya mkono wa kushoto. Yote."

"Nilikwambia hicho kipanya chako cha kompyuta kisitie mguu kwenye ngoma zangu."

"Mkono wako unachelewa, mpenzi."

"Si ndicho kikohozi."

"Sicho. Kikohozi kilikuwa kwenye la kumi na moja peke yake. Baadaye ikaanza kwenye la tisa. Halafu la tano. Mimi naona mistari ya mapigo kwenye kompyuta, na kila wimbo pengo linakua. Nikawa nasogeza pigo moja moja, nakiacha kikohozi, narekebisha mengine. Mwisho sikuweza kutofautisha kikohozi na ile hali nyingine. Nikanyoosha yote."

Nyundo aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya paja.

"Hali gani nyingine?"

Fundi alivitazama vijiti sakafuni.

"Itaje."

"Kama ya mzee."

Baba yake Nyundo alikuwa fundi saa. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, nyumba nzima ilimwambia ni baridi. Mke alisema baridi, watoto wakasema baridi, mpaka siku mteja mmoja alipoichukua saa yake mezani na kumwambia, mzee, mkono umekwisha huo, pumzika. Alirudi nyumbani na boksi la vifaa vyake, akaliweka chini ya kitanda, na hakuligusa tena. Ndiyo sababu siku Nyundo alipomvisha Fundi pete ya uchumba, hakuomba mapenzi ya milele wala watoto sita. Aliomba jambo moja.

"Siku mkono wangu ukianza, wewe ndiye utakayejua wa kwanza, maana unaiona mistari. Niambie siku hiyohiyo. Usiniambie ni baridi."

Na Fundi alimwahidi, akiwa amemshika mkono huohuo wa kushoto.

"Umejua tangu lini?" Nyundo aliuliza.

"Miezi saba."

Alitikisa kichwa polepole.

"Unajua miezi saba hiyo nilikuwa nafanya nini? Nilipaka rangi chumba chetu. Nilikuchongea kabati. Nikimaliza kurekodi wimbo nakaa wiki mbili sijagusa kijiti, nasema ngoma zitanisubiri, muda ninao, ngoja nijenge nyumba kwanza. Ungeniambia, ningepiga kila siku ya Mungu. Umeniibia miezi saba ya mkono wangu, Fundi."

"Niliogopa."

"Na mimi ningeogopa. Tungeogopa wawili."

Fundi alianza kulia. Nyundo hakumsogelea. Aliinama akaokota vijiti, cha kushoto kikamponyoka, akakiacha palepale.

"Rudi kazini," alisema.

Siku ya kwanza Fundi alituma jumbe tisa. "Nijibu hata tusi." Kimya. "Umekula?" Kimya. Siku ya nne alimpigia shemeji yake.

"Tumetoka hospitali," shemeji alisema. "Ndiyo yenyewe, shem. Daktari anasema dawa zitamtuliza lakini haziponyi. Kauliza dalili zilianza lini."

"Akajibu nini?"

"Akasema, muulizeni mchumba wangu."

Fundi aliweka simu juu ya meza, akakaa akiitazama kama vile itasema kitu kingine. Ukweli usemwe: hakuwa mwongo yule binti. Alikuwa mtu anayesikia kamba ya gitaa imelegea akiwa chumba cha pili, na kazi yake siku zote ilikuwa kuondoa kasoro kabla mtu hajaisikia. Alimfanyia Nyundo alichokuwa anawafanyia watu wote. Hapo ndipo alipokosea, na alijua.

Mchana wa siku ya sita mlango wa studio uligongwa. Alikuwa mama yake Nyundo, mkoba umebanwa kwapani. Alikaa kwenye kiti cha waimbaji, mbele ya kipaza sauti.

"Hiki kitu kimewashwa?"

"Hapana, Mama."

"Afadhali. Sikuja kukugombeza, mwanangu. Nimekuja kukwambia kitu ambacho wanangu hawakijui." Alishusha pumzi. "Mimi nilisema ni baridi miaka mitatu. Hata kwenye joto la kuunguza kichwa nilisema baridi. Marehemu alipokuja kujua, hakunipigia kelele. Aliacha kuniuliza tu. Hakuniuliza tena saa ngapi, hakuniuliza chumvi iko wapi. Aliona jibu langu halina maana. Tulilala kitanda kimoja mpaka anakufa, na sikuulizwa kitu."

"Hataki kuniona, Mama."

"Hataki kudanganywa. Ngoma alizopiga mwenyewe unazo, au ulizifuta?"

"Ninazo zote."

"Basi mpe vitu vyake."

Jioni ileile Fundi alimtumia rekodi zote nane na ujumbe mmoja: "Hizi ndizo zako, sijagusa hata pigo. Pabaya zaidi ni wimbo wa nane, dakika ya pili, mkono umekosa mara kumi na nne. Nimeanza kukwambia. Najua nimechelewa."

Kesho yake mchana Nyundo alisimama mlangoni pa studio, amekonda usoni. Hakusalimia.

"Nionyeshe mistari."

Alivuta kiti, akakaa karibu naye. Fundi alifungua wimbo mkubwa, akaukuza mpaka kila pigo likaonekana peke yake.

"Hapa?" Nyundo aliuliza, kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Kikohozi."

"Hapa?"

"Hapo ni ugonjwa."

"Na hapa?"

Fundi aliikuza mistari zaidi.

"Sijui," alisema. "Nakuapia, hapo sijui."

Nyundo akaegemeza kichwa chake begani kwake, na mwanaume yule ambaye jukwaani hupiga mapigo mia nne kwa dakika akalia bila sauti, mgongo ukitikisika. Fundi alimkumbatia. Dada msoma tangazo, aliyerudi kurekodi sabuni nyingine, alichungulia, akafunga mlango taratibu.

"Rudisha yote kama yalivyokuwa," Nyundo alisema alipotulia.

Kaka yake aliposikia, alipiga simu palepale, Fundi akaiweka sauti ya nje.

"Mdogo wangu, watu watasema bendi haijui kuhesabu. Magitaa yako kwenye mstari, ngoma ziko nyuma. Itakuwa vurugu."

"Basi msikae kwenye mstari. Nifuateni mimi."

"Tukufuate vipi?"

"Nikichelewa, chelewa."

Halafu wakamsikia akivuta makamasi.

"Nipe siku kumi," alisema.

Ilichukua kumi na saba. Kila kilipochelewa kijiti, gitaa la kaka lilijifunza kuchelewa kiasi kilekile, halafu besi, halafu pumzi ya mwimbaji. Fundi alikaa upande wa pili wa kioo akiwahesabia, na alipowaambia wamekosa alikuwa na maana kwamba wamewahi. Zile rekodi safi alizifuta mwenyewe, Nyundo akimwangalia. Albamu ilipotoka, wapo waliosema ni chafu. Wapo pia waliosema hawajawahi kusikia bendi ikipumua kama mtu mmoja, na hao hawakuambiwa sababu.

Asubuhi ya harusi, nyumba ya mama ilijaa pasi, viatu na ndugu wanaotafuta vifungo. Nyundo alikuwa amekaa mezani na suti yake. Fundi, gauni tayari mwilini, alikuja kumwona, na shangazi mmoja alipoguna kwamba bwana na bibi harusi hawaonani mapema, mama alimwambia atulie.

"Siku hazifanani," Nyundo alisema. "Ila mazoezi ni mazoezi. Hesabu."

"Leo tuache," Fundi alinong'ona.

"Hesabu."

Fundi alihesabu. Tatu, tatu, mbili, tatu, mbili. Mkono wa kushoto ulipiga meza, ukatetemeka, ukapiga, ukapita hewani bila kugusa kitu. Mpaka wanamaliza, kaka alikuwa ameugeukia ukuta.

"Niambie," Nyundo alisema.

Mama alifungua kinywa. Fundi alimwona, na alijua neno linalotaka kutoka, maana na yeye alikuwa nalo ulimini. Mama akafunga kinywa chake.

"Umepoteza mapigo matatu," Fundi alisema. "Jana yalikuwa mawili."

"La kumi na moja?"

"Halikusikika."

Nyundo aliuangalia mkono wake, akauweka juu ya wa Fundi ili utulie.

"Ahsante," alisema. "Haya, nifunge kifungo hiki, twende tukaoane."