Mguu Sawa

Suruali ilikataa kukunjika. Hicho ndicho kituko cha kwanza, na mwenye akili zake angekimbia hapo hapo, akaacha na viatu.

Fundi Pindo aliikunja, ikajinyoosha. Akaikunja tena, safari hii akaikalia, na makalio ya Fundi si ya mchezo, yalishavunja viti vya mtaa mzima na benchi moja la zege. Alipoinuka, suruali ikajinyoosha polepole mezani kama mgonjwa anayeamka. Ikatulia. Mguu mmoja mrefu, mguu mmoja mfupi.

"Kitambaa cha zamani hiki," Fundi alisema. "Kina kiburi."

"Kama fundi wake," mkewe alijibu kutoka jikoni.

Huyo mke mtaani walimwita Kasuku. Mdomo wake ulikuwa redio iliyopoteza kitufe cha kuzimia. Akianza kukusimulia habari asubuhi, ukienda msibani ukazika ukarudi, unamkuta bado hajafika kwenye jambo lenyewe. Fundi alilalamika kila siku, na kila siku alisogeza cherehani karibu na mlango wa jikoni asikie vizuri.

Suruali ilikuwa ya Jemadari, yule aliyeongoza vita vya mfalme zamani hizo. Mtu yule akitoa amri, kuku wa kijiji cha tatu walipanga mstari. Hakushindwa vita hata kimoja. Aliingia vitani na watu wachache ambao hakuna aliyejua wanalala wapi wala wanakula nini, na asubuhi jeshi la adui lilikutwa limelala chini lote, macho wazi, hakuna jeraha. Mfalme akampa mashamba, farasi na upanga wa dhahabu, lakini hakupenda kukaa naye chumba kimoja. Na kila mtu alijua Jemadari alichechemea. Ndiyo maana mguu wa kushoto wa suruali ulikuwa mfupi kwa vidole vinne.

Sasa mji ulikuwa umemjengea sanamu, na mjukuu wake, bwana wa tai na manukato, alitaka kuvaa sare ya babu siku ya kuizindua.

"Nisawazishie miguu," alikuwa amemwambia Fundi. "Babu alichechemea, mimi sichechemei. Siwezi kusimama mbele ya wakubwa kama bata."

"Bosi, hili pindo limeshonwa kwa makusudi. Angalia, uzi juu ya uzi. Hapa mtu alikuwa anafunga kitu."

"Wewe ni fundi au mpelelezi? Fumua."

Fundi akafumua. Pindo lilikuwa na mchanga wa kijivu unaonuka baruti na jasho la farasi. Akaukung'uta sakafuni, akapiga chafya moja iliyofungua dirisha, akateremsha mguu mfupi, akashona. Halafu akafanya alivyofanya kwa kila suruali tangu alipojua sindano. Aliinyanyua kwa kiuno, akakutanisha mapindo mawili chini, na yalipolingana akatangaza kwa sauti ya kuita wateja:

"Mguu sawa!"

Mtaa mzima ulilijua neno lile. Ni amri ya gwaride, ndiyo, lakini Fundi hakukaa jeshini hata nusu saa. Yeye alimaanisha miguu ya suruali. Wapita njia walizoea kumjibu kwa utani, wakakakamaa, wakapiga saluti, wakaenda zao wanacheka.

Safari hii aliyejibu hakucheka.

GUU.

Kisigino kimoja, cha watu wengi. Vikombe viliruka kabatini. Nje, mwuza maji alipita akipiga mluzi, hakugeuka hata.

"Na mimi nikamwambia yule jirani," Kasuku alikuwa anasema jikoni, "nikamwambia, mwenzangu, ile sufu—"

Kimya.

"Leo umeishiwa betri?" Fundi aliita.

Ikajibu harufu ya kitunguu kinachoungua.

Alimkuta amesimama wima mbele ya jiko, mikono ubavuni, kidevu juu, macho mbele. Machozi ya kitunguu yalimtiririka na hakuyafuta. Fundi akazima jiko. Akamshika mabega akamkalisha kitini, na mkewe akajinyoosha polepole, akasimama tena, kama suruali.

"Mama, acha masihara. Kaa."

Midomo haikusogea. Sauti ilitoka kwa ndani, nyembamba kama uzi.

"Usinisemeshe kwa nguvu. Niko safuni."

"Safu gani?"

"Anayesogea anakatwa."

"Nani anakata?"

"Huyu wa kulia kwangu."

Kulia kwake kulikuwa na ukuta. Fundi alinyoosha mkono kuugusa na mkono haukufika, ulikutana na mkono wa koti, wa sufu nzito yenye vumbi, na baada ya koti lile kulikuwa na lingine, na lingine, jikoni mpaka sebuleni mpaka kwenye cherehani yake, joto la miili iliyosongamana na hakuna hata mmoja aliyepumua, harufu ya baruti na ngozi mbichi na farasi aliyelowa, na yeye akawa anapenya katikati yao akinong'ona samahani, samahani, kama mtu aliyechelewa mkutanoni, mpaka akaishika meza na sindano ikamwingia kidole chote, ikatokea upande wa pili, na haikuuma.

Aliitazama sindano. Hofu ilikuja mpaka mlangoni, ikamwangalia, ikarudi ilikotoka.

Akarudi jikoni. "Unasikia maumivu?"

"Sisikii kitu. Ganzi ilianza vidoleni. Sasa iko magotini, inapanda." Sauti ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma bei za nyanya. "Ikifika moyoni, mume wangu, nami nitakuwa mmoja wao."

Fundi alipaza sauti, "Mguu pande!", amri ya kulegeza. Hakuna aliyelegea. Akampigia simu mjukuu. Bwana akaja, akatoa kifua, akanguruma "Mguu pande!" kwa besi ya kupasua maboga. Kofi likatoka hewani, tai ikageukia mgongoni.

"Fundi," alisema akiwa tayari yuko barabarani, "baki nayo hiyo suruali. Nitanunua dukani."

Ganzi ilikuwa kiunoni alipofika shangazi yake Kasuku, mganga mzee aliyekuwa nusu kiziwi. Alinusa mlangoni, akaingia kwa ubavu, akipishana na hewa.

"Nani kasawazisha?" aliuliza.

"Mimi, shangazi. Nilisema mguu sawa. Nilikuwa natangaza biashara!"

"Eh?"

"BIASHARA!"

"Majini hawajui biashara, mwanangu." Akaokota chembe za mchanga, akazisugua. "Unadhani Jemadari alikuwa na askari? Alikuwa na hawa. Jini wa vita hajali sauti ya mtu, anatazama mguu. Anayewaamuru huwapa kipande cha mguu wake, basi, wanamfuata kiwete wao. Alipozeeka akawalaza, akafunga usingizi wao kwenye pindo la mguu mfupi. Wewe umefungua kufuli, halafu ukawaita gwaride mguu wa suruali yake ukiwa mkononi mwako."

"Basi nalirudisha pindo!"

"Rudisha. Lakini pindo tupu halilazi mtu, kwanza walegezwe, na watamlegezea kiwete tu. Ukilishona, livae."

Fundi akamtazama mkewe. Ganzi ilikuwa kifuani. Macho yake, ambayo yalikuwa hayatulii hata usingizini, yalikuwa yameanza kukauka kama ya samaki sokoni.

"Itaniuma?"

"Hapana," shangazi alisema. "Ndiyo ubaya wake."

Fundi akakusanya mchanga, akashona pindo la kushoto kwa vidole visivyojua sindano iko wapi. Akavaa. Suruali ya mtu mwembamba ilimwingia mwili ule kama ilipimwa kwake. Upande wa kushoto sakafu ikainuka kidogo, au yeye akashuka. Hakusikia chochote. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Kuku wa mtaa wa tatu walipanga mstari.

"Mguu... pande!"

GUU.

Hewa ikalegea. Kasuku akaanguka kwenye kiti, akavuta pumzi ndefu, akalia, na katikati ya kilio akamalizia:

"—ria yangu irudi leo leo!"

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi naye aliona kwamba ni jambo la kuchekesha. Aliliona kwa mbali, kama taa ya nyumba ya watu.

Sanamu ilizinduliwa. Mjukuu, katika suruali ya dukani, alisema babu yake alishinda kwa upendo wa askari wake. Watu wakapiga makofi. Fundi na mkewe wakarudi kwa miguu, jua likiwa kali, barabara nyeupe, tupu. Chwaa-ta, chwaa-ta, mguu wa Fundi uliburuza lami. Kasuku alikuwa amemshika mkono, anaongea. Halafu akanyamaza.

Chwaa-ta. Nyuma yao, pamoja, wengi. Wote wanachechemea.

"Si shangazi alisema wamelala?" alinong'ona.

"Wamelegea," Fundi alisema. "Kulala, sijui. Usigeuke."

Kasuku hakugeuka. Akaongea haraka haraka, juu ya lolote, aifunike ile sauti. Hali ya hewa. Bei ya mkaa. "Na yule jirani mpaka leo sufuria yangu hajarudisha, mwanamke yule!"

"Tutaifuata," Fundi alisema, kama mume yeyote anavyokata maneno.

GUU.

Miguu ikawapita, pande zote mbili, na upepo wenye harufu ya baruti.

Sufuria waliikuta mlangoni kwao. Imesuguliwa, inang'aa, imewekwa katikati kabisa ya ngazi. Kwa jirani, mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amelala sakafuni chali, macho wazi, hakuna jeraha.

Kasuku alipiga mayowe mpaka mtaa ukajaa. Fundi alisimama pembeni, mguu mmoja juu kidogo, akatafuta huzuni kifuani mwake, alivyozoea kutafuta kipande cha uzi kilichoanguka chini ya meza. Akapapasa kila mahali. Hakuipata.

"Sema neno, mume wangu!" Kasuku alimtikisa. "Sema kitu!"

Nyuma ya Fundi, jeshi zima likakaza visigino, likisubiri atasema nini.