Kicheko Kwenye Redio ya Bandari

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo, ndugu zangu wa Lukozi, msije mkamtafuta mwingine.

Asubuhi ilikuwa tulivu kule bandarini. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye redio na kuziongoza meli: hii subiri, ile pita. Shemeji yangu Aron, mume wa dada Dorkasi, alikuwa kwenye boti ndogo inayompeleka rubani, yule anayeelekeza meli njia ya kuingia bandarini, kwenye meli inayoingia. Ni mimi niliyemtoa kwenye viazi vyake hapa nikamtafutia kazi ile.

Redio ya bandari ni kama kona za barabara ya Soni: anapita mmoja, wengine wanangoja. Ukishikilia kitufe ukaongea, hakuna mwingine wa kusikika. Najua, maana nimewafundisha wenzangu.

Basi akaita Amiri, nahodha wa tishari la kushushia mizigo, Mzigua, mtani wetu sisi Wasambaa. Anaomba njia. Nikabonyeza.

"Wee Mzigua, usukani kakuonyesha nani? Si mlizoea kuswaga mbuzi?"

Nikamsimulia kisa kirefu cha babu yake na beberu, huku nacheka mwenyewe. Dakika nzima.

Nilipoachia kitufe, nikasikia makelele. Boti ya akina Aron ilikuwa imezimika injini mbele ya meli. Na meli, jamani, haina breki za bodaboda; ikaigonga. Ingeambiwa mapema, ingekwepa. Rubani aliokolewa, na Idrisa, mwendesha boti. Aron tulimpata jioni.

Tukampandisha Lukozi kwenye ukungu. Amiri naye alikuja kuzika. Mtani ana ruhusa ya kuchekesha hata msibani, nanyi mlimngojea. Alikaa nje, kofia mkononi. Aliyesema ni Idrisa:

"Aron aliita mara tatu. Tulichosikia ni wewe tu, unacheka."

FUNZO

Utani ni mali yetu, siukatazi. Lakini pale uhai wa mtu unapopitia mkononi mwako, iwe redio, usukani au zamu ya wodini, funga mdomo ufanye kazi. Mwenye shida hawezi kungoja umalize kucheka.

Nami sikulielewa hilo pale pale. Wiki nzima baada ya mazishi nilikuwa bado najitetea jikoni kwa Dorkasi.

"Dada, ilikuwa dakika moja tu."

Akaacha kumenya viazi, akanitazama.

"Na yeye alihitaji hiyo hiyo moja."