Mguu Juu ya Mafuta

Haya yalimkuta jirani yetu, kinyozi, asubuhi ya jua kali, wakati watu wanaanika nguo. Mama yake alikuwa kitandani, upande mzima wa kulia umekufa ganzi tangu jana. Gari la wagonjwa lilikuwa "liko njiani" tangu hiyo jana. Likabaki gari kuukuu la marehemu baba, lililolala uani muda mrefu.

Kinyozi si fundi, ila alikua akimtazama baba yake akilitengeneza. Akatoa petroli iliyochacha, akatia mpya. Akachomoa plagi, akazisugua kwa msasa, akazirudisha. Gari likakohoa, likazima. Akasafisha chujio. Likakohoa, likazima. Mara ya tatu likapiga mshindo, kuku wakatawanyika. Kumbe nyaya mbili za plagi alikuwa amezipishanisha. Akalipiga teke tairi.

"Kaka," dada yake akamwambia kutoka dirishani, "kwa muda huo ungeshanyoa mtaa mzima."

"Acha maneno, njoo ukae kwenye usukani. Nikisema kanyaga, kanyaga mafuta. Nikisema achia, achia."

"Nambadilishia mama shuka. Naja."

Kinyozi akarekebisha nyaya, akainama, bisibisi kwenye skrubu ya kabureta, ile ya kuongeza na kupunguza mafuta. Boneti iliyoinuliwa ilimziba, kiti cha dereva hakukiona. Akasikia mlango wa gari ukifungwa.

"Haya, washa."

Likawaka.

"Kanyaga."

Injini ikapanda. Akazungusha skrubu kidogo.

"Achia."

Ikashuka vizuri, bila kukwama. Kwa mara ya kwanza tangu kupambazuka, roho yake ikatulia. Hakujua kama dada ana mguu mwepesi hivyo. Akafungua kinywa aseme kanyaga tena.

Injini ikapanda kabla hajasema.

"Subiri nikwambie," akafoka.

Ikashuka. Akaishika skrubu. Ikapanda. Akaiachia. Ikashuka. Mguu ule ulikuwa unaufuata mkono wake. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimkanyagia baba zamani, bila kungoja kuambiwa.

Hapo dada akatoka mlango wa nyuma, amekumbatia shuka chafu. Akasimama. Akalitazama gari, akamtazama kaka yake.

"Kaka," akanong'ona, "nani anakukanyagia?"

Injini ilikuwa juu. Kinyozi akachungulia pembeni ya boneti.

Kiti kilikuwa kitupu.

Injini ikashuka yenyewe, taratibu, ikatulia.

Hawakubishana. Mgonjwa hangoji. Walimbeba mama, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa dada. Kinyozi aliendesha macho mbele tu, kioo cha kati akikikwepa. Gari ambalo asubuhi nzima lilimtoa jasho halikuzima hata mara moja.

"Mmemuwahisha," muuguzi akasema hospitalini. "Mngechelewa kidogo, tungezungumza mengine." Akafunua shuka apime miguu. Akaukunja uso. "Nani alimtembeza?"

"Hajashuka kitandani tangu jana," dada akajibu.

Muuguzi akauinua mguu wa kulia, ule uliokufa ganzi, akawaonyesha unyayo. Mistari ya raba ya pedeli ya mafuta ilikuwa imejichora pale, mmoja baada ya mwingine, imezama nyamani kama ya mtu aliyekanyaga asubuhi nzima.

Akaigusa kwa kidole. Akakiondoa haraka.

"Mbona pa moto?" akauliza.