Juisi ya Nanasi Kabla ya Picha

"Mimi ndiye niliyempa maziwa, na nitampa tena!" Kasiano alifoka. "Mke wangu amelishwa sumu. Maziwa yanavunja sumu. Hata mtoto anajua."

"Basi mtoto huyo aje apige picha," Letisia alijibu. "Mimi nimeshindwa."

Letisia alikuwa mpiga picha za ndani ya mwili katika hospitali moja ya Gitega. Efrazia aliketi kati yao kwenye benchi, ameshika ubavu wa kulia. Macho yake yalikuwa ya manjano kama papai lililoiva. Maumivu yalimchosha, lakini kelele za mumewe zilimchosha zaidi.

Walitoka Giteranyi, huko Muyinga. Wiki tatu nyuma, jirani yao Jeska alimkaribisha Efrazia pombe ya ndizi kwenye sherehe ya ubatizo. Jeska alisahau kuionja kwanza mbele ya mgeni, desturi ya kuonyesha kwamba haina sumu. Kesho yake ubavu ukaanza kuuma. Tangu siku hiyo Kasiano hakuwa na neno jingine ila sumu. Watu wakaacha kununua maharage ya Jeska. Wengine hawakumsalimu tena. Na Efrazia hakuwakataza, maana yeye pia hakujua ukweli.

"Inuka, Mama Thomas," Kasiano alisema. "Turudi Muyinga. Namjua mganga wa kutapisha."

"Ngoja, Baba Thomas. Dada, maziwa yameharibu nini?"

Letisia akachuchumaa mbele yake. "Mama, ile mashine iko na sumaku kubwa. Kwenye picha tunayoitaka, kila kitu cha majimaji kinang'aa. Nyongo inang'aa. Lakini mrija wake ni mwembamba sana. Tumbo likijaa maziwa, nalo linang'aa, linauficha. Ni kama kutafuta mshumaa mbele ya taa za lori. Ndiyo maana tulisema usile, usinywe."

"Kwa hiyo tumeharibu."

"Mumeharibu asubuhi. Mchana bado iko. Usiweke kitu mdomoni, hata maji. Saa nane nitakupa juisi ya nanasi."

Kasiano akacheka kwa hasira. "Mmesikia? Maziwa hapana, juisi ndiyo! Hapa ni hospitalini au harusini?"

"Bon, baba, sikiliza. Nanasi iko na madini yanaitwa manganizi. Kwenye picha hii, madini yale yanafanya maji ya tumboni yawe meusi. Tumbo linazimika, mrija unabaki unawaka."

"Na sumu inatoka?"

"Juisi si dawa. Haitoi sumu, haiyeyushi jiwe. Ni ya picha tu, na kipimo tunakitoa sisi. Mwenye kisukari, au anayedhurika na nanasi, atuambie kwanza. Mama?"

"Sina kisukari. Nanasi nakula tangu utoto."

Saa nane Letisia alifungua pakiti mbele yao. Ilikuwa juisi tupu, haikuongezwa maji wala sukari. Akajaza glasi.

Mkono wa Efrazia haukunyanyuka. Jeska naye alimpa kinywaji akitabasamu.

Letisia, mzaliwa wa Gitega, hakuhitaji kuambiwa. Akajimiminia kidogo kwenye kikombe chake, akanywa, akapangusa mdomo.

"Karibu, mama."

Efrazia akanywa glasi yote, na ya pili aliyoongezewa. Baada ya robo saa alivua hereni na rozari, akalala ndani ya mashine. Iligonga kama mafundi wa bati. Akiambiwa kubana pumzi, alibana.

Baadaye Daktari Rachid aliwaita, akawageuzia skrini. Tumbo lilikuwa jeusi tii. Kando yake mrija wa nyongo uling'aa kama uzi mweupe. Ndani ya uzi, punje moja nyeusi.

"Hilo ni jiwe," daktari alisema. "Limeziba njia ya nyongo, ndiyo maana macho yana manjano. Jiwe kama hili hukua polepole. Si kazi ya glasi moja ya pombe."

Kasiano akasogeza uso hadi pua ikakaribia skrini.

"Linatolewa?" Efrazia aliuliza.

"Linatolewa. Ukikubali, unalazwa sasa hivi. Kesho tunalitoa."

"Kwanza turudi nyumbani, tushauriane na ndugu," Kasiano alianza.

"Hao ndugu wanaumwa ubavu?" Efrazia alimkatiza. "Toa simu, mpigie Jeska. Weka sauti juu."

Simu ikapokelewa. Efrazia hakungoja salamu. "Jeska, ni jiwe! Nimeliona kwa macho yangu. Hukunilisha chochote kibaya, na mimi nilikaa kimya wakikusema. Nisamehe. Baba Thomas naye ana neno."

Kasiano akainamia simu. "Dada, nimekukosea. Nitasema hivyo mbele ya watu wote, kama nilivyokuchafua mbele yao."

Jeska akapiga kigelegele kirefu hadi daktari akaangusha kalamu yake.

Efrazia akaiokota. Akasaini karatasi ya kukubali matibabu kwa herufi kubwa, jina lote. Akavua viatu, akamkabidhi mumewe, akapanda mwenyewe kwenye kitanda cha magurudumu alichokileta Letisia.

"Haya, dada Letisia," alisema. "Sukuma."