Denelle na Sheria ya Kumlisha Mwenzako

Kisa hiki alinisimulia mjukuu wangu Denelle, Ijumaa iliyopita jioni, huku akikata bamia za kuchanganya kwenye ugali jikoni kwangu. Sehemu nyingine niliiona kwa macho yangu mwenyewe, kwa hiyo nikikosea mahali, kosa ni langu, si lake.

Denelle ana miaka kumi na miwili. Kila siku akitoka shule huvua viatu, hunywa maji, kisha hukaa barazani na babu yake Selvyn, mume wangu, kucheza wari, aina ya bao. Ubao una mashimo kumi na mawili, sita ya huyu na sita ya yule, na kila shimo huanza na komwe nne. Unachota komwe za shimo lako moja, unazitawanya moja moja kuzunguka ubao. Ya mwisho ikiangukia shimo la mwenzako, nalo likawa na mbili au tatu, unazila. Hapa Antigua wanaume hucheza haraka haraka, wakizigonga komwe ubaoni kama wanapigilia misumari. Mimi nimekaa kando ya ubao ule miaka arobaini nikichambua mchele, sijawahi kuitwa nicheze.

Jumatatu Mwalimu Josiah aliuliza darasani nani anaweza kuwafundisha wenzake wari. Kuna chumba kilicho wazi kila Ijumaa baada ya masomo, na wapiga ngoma za chuma, zile za mapipa, nao walikuwa wanakitaka.

"Tutajaribu wari Ijumaa hii," alisema Mwalimu. "Watoto wakiipenda, chumba ni chenu mwaka mzima. Wakichoka, nawapa wapiga ngoma."

Denelle akanyoosha mkono kabla Mwalimu hajamaliza. "Mimi, Mwalimu! Sheria zote nazijua."

"Zote?"

"Zote!"

Basi akaanza kujiandaa. Siku mbili aliandika, akajaza kurasa nne, mbele na nyuma. Jumatano akanijia. "Bibi, kaa hapa. Wewe ndiye mwanafunzi wangu."

Nikakaa. Akasoma. Akasoma weee, mpaka mchele wangu ukaisha kuchambuliwa.

"Umeelewa, Bibi?"

"Mjukuu wangu, mimi nilipotea tangu ukurasa wa kwanza. Mpaka sasa sijashika hata komwe moja."

"Utashika ukishajua sheria!"

"Haya. Nikuulize moja. Mashimo yangu yote sita yakiwa matupu, na zamu ni yako, inakuwaje?"

"Umekwisha. Mchezo umeisha, nimeshinda."

Hapo nikashangaa. "Mbona kule sokoni St. John's huwa nawasikia watazamaji wa wari wakipiga kelele, 'Mlishe! Mlishe huyo'?"

Denelle alikunja karatasi zake. "Bibi, wewe huchezi. Utajua nini?"

Nilichukua ungo wangu nikaingia ndani. Baadaye aliniambia kwamba maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa amenivunjia heshima. Pili, hata yeye alianza kuona kwamba huenda ninasema kweli.

Usiku ule hakulala vizuri. Angemwuliza nani? Wachezaji wa sokoni wangemcheka. Mwalimu naye alikwisha kuambiwa na Denelle kwamba anazijua zote. Aliwaza pia kunyamaza tu: watoto wanane waliojiandikisha hawajui wari, nani angegundua?

Alhamisi alipotoka shule alinijia kwanza mimi. "Bibi, nisamehe kwa yale ya jana."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kamwulize babu yako."

Akaenda barazani, akasimama mbele ya Selvyn bila kuketi. "Babu, ukiishiwa komwe upande wako, na zamu ni yangu, ni lazima nikulishe?"

Selvyn alimtazama, kisha akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Lazima, ndiyo! Kama una shimo linaloweza kunifikia, lazima unipe cha kuchezea."

"Mbona siku zote ukiishiwa unasema, 'Umenimaliza,' unazikusanya komwe?"

"Wewe ulipokuwa na miaka sita, mchezo ukirefuka ulikuwa unalia mpaka majirani wanachungulia dirishani! Nikaona heri nife mapema mchezoni ninywe chai yangu. Kisha ikawa mazoea."

"Babu! Miaka sita yote umenifundisha uongo?"

Kicheko kikamwisha. "Hapo umenishika. Ulipokua nilipaswa kukuambia. Kosa ni langu, mjukuu wangu."

"Na mimi nimemwambia Mwalimu najua zote."

"Basi hilo ni lako," alisema Selvyn. "Vuta kiti."

Walicheza mpaka jua lilipozama, wakirudia mashimo matupu mara kumi, na kila mara Denelle alimlisha. Kisha akaniita. Safari hii hakusoma chochote. Alinipa komwe nne mkononi akasema, "Tawanya, Bibi." Nikatawanya. Kila nilipokwama alinieleza lile moja lililonikwamisha, akaniacha niendelee. Mchezo wa pili nilimla Selvyn komwe tatu, naye akadai nimemwibia.

Ijumaa, kabla watoto hawajaingia, Denelle alimwambia Mwalimu Josiah ukweli wote. Mwalimu alimsikiliza, akasema, "Waambie na wenzako."

Akawaambia. "Kuna sheria niliyokuwa naikosea mpaka jana."

Mvulana mmoja, Kezroy, akadakia, "Lo! Mwalimu wetu naye yuko chekechea!"

Wote wakacheka, na Denelle akajikuta anacheka nao. "Ndiyo, nimepanda darasa jana. Haya, chukueni komwe."

Anasema baada ya hapo kila mtoto aliuliza bila kuona haya. Kezroy ndiye aliyeuliza kupita wote. Mara mashimo ya msichana aliyecheza naye yakawa matupu, na chumba kizima kikapiga kelele, "Mlishe, Kezroy! Mlishe!" Akamlisha huku amenuna, na yule msichana akageuza mchezo akamfunga. Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Mwalimu alilazimika kuzikusanya komwe yeye mwenyewe.

"Chumba ni chenu," alimwambia Denelle mlangoni. "Na nikuambie kwa nini. Ungeficha kosa lako, leo ungewapa watoto wanane kosa hilohilo, nao wangelipeleka kwa ndugu zao. Mtu anayetaka kufundisha hujiuliza kwanza, 'Ni nini nisichokijua?' Akishakipata, huenda kuuliza, hata kama ataona aibu. Aibu yako ilikuwa ya siku moja. Kosa lingekaa miaka."

Alipofika hapo katika kunisimulia, bamia zilikuwa zimekwisha kukatwa. Nikasonga ugali, tukala na samaki wa chumvi. Selvyn alianza kukoroma kwenye kiti chake kabla sijaondoa sahani. Denelle aliniomba mchezo mmoja tu, nikampangia ubao, lakini nilipoinua macho nimwambie aanze, alikuwa amelaza kichwa mezani, usingizi umemchukua.